Mguu wa Kushoto Unagonga

Gari lilikuwa limezimwa, ufunguo wake umo mfukoni mwa fundi Swalehe, na bado liligonga.

Ko, ko, ko. Mara tatu, mbele kushoto, kama mtu anayebisha mlango kwa kifundo cha kidole. Swalehe alikuwa amechuchumaa kando akinawa mikono kwa sabuni ya unga. Akainua uso. Pikapu ilisimama palepale chini ya bati la gereji, matairi yote manne ardhini, hakuna mtu ndani wala aliyeiegemea. Alijiambia ni chuma kinapoa, maana gari likitoka safari vyuma vyake hulia vikipoa. Kisha akakumbuka kwamba pikapu hiyo haijawashwa tangu jana alasiri, na usiku kucha imenyeshewa ubavuni.

Ko, ko, ko.

Akafuta mikono kwa tambara, akaenda akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Akasubiri muda mrefu. Halikugonga tena.

Mafundi magari ni wengi pale Kibiti, kando ya barabara kuu iendayo Kusini. Lakini ukimuulizia fundi wa miguu, yule wa springi, shokapu, bushi na kila kinachoshika tairi na usukani, watu watakuelekeza kwa Swalehe. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na saba, mpole, swala tano, na masikio yake yalikuwa yakisimuliwa mpaka Ikwiriri. Ungemkalisha kiti cha pembeni, ukaendesha gari lako kwenye mashimo kwa mwendo wa kutembea, yeye amefumba macho. Akifumbua atakwambia bushi ya chini kulia imeliwa, au shokapu ya nyuma imevuja, au kuna nati imelegea hapa. Ungefungua ukakuta vivyo hivyo.

Pikapu hii ndiyo iliyomshinda.

Ilikuwa mali ya Maulida, mjane wa Nasor. Mumewe alikuwa akinunua kamba kwa watu wa Salale na Kiongoroni, boti zikiwashusha kamba hao Nyamisati, na yeye akiwapakia kwenye makasha ya barafu na kuwahi nao barabara kuu kabla barafu haijayeyuka. Masika ya mwaka jana, alfajiri, kwenye kipande cha barabara kinachopita katikati ya mashamba ya mpunga, pikapu ilitoka njiani, ikapinduka ndani ya maji ya mafuriko, matairi juu. Nasor alitolewa akiwa maiti. Watu walisema ni utelezi. Wengine walisema ni usingizi. Wote walimalizia kwa kusema ni kudra, wakazika.

Swalehe ndiye aliyelivuta gari lile mpaka gerejini kwake na kulijenga upya. Alifunga springi mpya, shokapu mpya, boli jointi zote mpya, zile zinazounga tairi na mguu wake, tairodi, kila kitu, na hakutaka kusikia habari ya malipo. "Ni kwa ajili ya marehemu," alisema, na watu msikitini walimsifu sana. Alipokuwa akisifiwa alitazama chini.

Maulida alipotoka eda, alilichukua gari, akaendelea na kazi ya mumewe. Shemeji yake, Gharibu, mdogo wake Nasor, akawa dereva. Ikapita miezi. Masika mengine yakaingia. Ndipo Maulida alipolileta gari mara ya kwanza, akasimama mbele ya gereji na kanga yake kichwani, akasema, "Fundi, naomba uliangalie."

"Lina nini, shemeji?" Alikuwa akimwita shemeji tangu enzi za urafiki wake na Nasor.

"Wewe liangalie tu."

Swalehe alilizungusha mpaka njia panda na kurudi, akausikia mlio. Mguu wa kushoto wa mbele. Alibadilisha bushi, ingawa ya zamani haikuwa na kasoro. Wiki iliyofuata Maulida akarudi. "Liangalie tena, fundi." Akabadilisha boli jointi aliyoifunga mwenyewe. Sasa ilikuwa mara ya tatu, na jana alipolikabidhi, mwanamke yule alimtazama usoni kwa muda usio wa kawaida, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

"Limekushinda?" aliuliza.

"Halijanishinda. Nipe siku mbili."

"Sina haraka," alisema Maulida. "Nitakuwa nalileta mpaka ulijue."

Swalehe hakulala vizuri kwa maneno hayo. Alihisi kuna mtu anamchezea. Gari halina akili. Gari likigonga, kuna kitu kimelegea, na kama kila alichokifunga kimekaza, basi kuna mkono wa mtu unaokilegeza baadaye. Na mkono ule, alipowaza, ungekuwa wa nani kama si wa Gharibu? Nasor hakuacha mtoto. Gari likiwa sumbufu, mjane atachoka nalo, na wa kwanza kunyoosha mkono atakuwa shemeji mtu.

Kwa hiyo asubuhi ile, baada ya gari kugonga likiwa limezimwa, alimpigia simu Gharibu aje.

Gharibu alifika na bodaboda, akasimama mbali, upande wa pili wa mtaro. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Ingia tukalijaribu," alisema Swalehe. "Wewe endesha, mie nisikilize."

"Endesha wewe, kaka."

"Dereva wa gari hili ni nani?"

"Siliendeshi tena," alisema Gharibu. "Ni wiki tatu sasa. Shemeji anaendesha mwenyewe."

Swalehe akamkazia macho. "Kwa nini?"

Gharibu alivuka mtaro, lakini alipofika kwenye gari alifungua mlango wa nyuma wa pikapu hiyo ya milango minne, akakaa nyuma ya dereva, akaacha kiti cha mbele kushoto kitupu. Swalehe aliliona hilo, akalitia akilini. Mtu mwenye hatia hukaa mbali na alichokiharibu.

Wakashika njia ya vumbi, siku hiyo ikiwa njia ya tope, kuelekea mashambani. Kwenye mashimo madogo gari lilikaa kimya, lilipita laini kama jipya. Swalehe akakata usukani kulia, kimya. Akakata kushoto, kimya. Akafunga breki ghafla, kimya. Akaanza kupumua. Kisha njia ikanyooka, sawa kabisa, pasipo hata jiwe, na hapo ndipo lilipogonga. Ko, ko, ko. Mlio ulipanda kwenye sakafu chini ya kile kiti kitupu, na usukani ukavuta kushoto, si kwa nguvu, ila kwa kubembeleza, kama mtoto anayevuta shuka la mama yake.

"Umesikia?" aliuliza Swalehe.

"Nimesikia." Sauti ya Gharibu ilikuwa imeshuka. "Kaka, simamisha."

Swalehe alisimamisha, akageuka. "Niambie ukweli. Umefungua nini huku chini?"

"Mie?"

"Wewe. Kila nikifunga, linarudi linagonga. Nani mwingine ana spana?"

Gharibu alimtazama kama aliyetukanwa, halafu uso wake ukalegea. "Wallahi sijagusa nati hata moja. Kaka, wewe hukuwepo pale kwenye maji. Mimi nilifika."

"Najua ulifika."

"Hujui. Gari lilikuwa tumbo juu. Tulipanda juu yake, mimi na wakulima wanne, tukitafuta pa kulishika tuligeuze. Maji yalikuwa yanatufika magotini tukiwa juu ya gari. Na chini ya miguu yetu alikuwa anagonga." Alinyoosha kidole, bila kukikaribia, kwenye sakafu ya upande wa kushoto. "Hapo. Nadhani palikuwa pamebaki hewa kidogo. Anagonga mara tatu, ananyamaza. Mara tatu, ananyamaza. Tukamwita. Tukavuta mpaka kucha zikang'oka. Ikafika mahali akagonga mara mbili."

Mvua nyepesi ilianza kupiga kioo. Swalehe hakuwasha waipa.

"Hukuwahi kuyasema haya," alisema.

"Nimwambie nani? Mama? Mkewe?" Gharibu alijifuta pua kwa mkono. "Na huyo mkewe ndiye ananitisha zaidi. Siku ile niliyoacha kazi, nilimkuta ndani ya gari pale uani, saa kumi ya mchana, amekaa kwenye usukani. Anazungumza. Anasema, anasubiri, anacheka kidogo, anasema tena. Nikadhani yuko na simu. Simu ilikuwa kwenye dirisha la nyumba, inachajiwa."

Waliporudi gerejini, Gharibu alikubali kusaidia jambo moja tu. Swalehe alitaka yeye mwenyewe alale chini ya gari, ashike maungio ya mguu wa kushoto kwa mkono mtupu, na Gharibu akae kwenye usukani auchezeshe kushoto na kulia, taratibu. Hiyo ndiyo njia ya mwisho ya fundi wa miguu: sikio likidanganywa, kiganja hakidanganywi, penye chuma kinachocheza pataruka mkononi.

Mvua ilikuwa imekolea, inaunguruma juu ya bati. Swalehe akatandika boksi, akalala chali, akajisukuma chini. Aliona tumbo la pikapu, tope lililokauka, vyuma vyake vipya vinavyong'aa. Akaweka kiganja juu ya boli jointi. "Zungusha!" alipaza sauti. Usukani ukazunguka kushoto, kulia, kushoto. Hakuna kitu. Akahamisha kiganja kwenye tairodi. Hakuna kitu. Akakirudisha kwenye boli jointi, na safari hii akakisikia.

Hakikuwa kishindo cha chuma kulegea. Kilikuwa laini na cha moto, kikipiga mara tatu na kutulia, kama mshipa wa shingo ya mtu, na kila kilipopiga, harufu ilishuka kutoka juu kupitia matundu ya sakafu, harufu ya tope la mikoko na maji yaliyosimama na kamba waliolala nje ya barafu, harufu nzito iliyomjaa kooni mpaka macho yakamtoka machozi, naye akataka kuutoa mkono lakini vidole vyake havikutoka, si kwamba vimebanwa na chuma, la, vilikuwa vimeshikwa, vimefunikwa na kitu chenye unyevu na uzito wa vidole vingine, na huku akivuta aliona nati ya boli jointi, nati aliyoikaza mwenyewe siku iliyotangulia kwa nguvu zake zote, ikijizungusha polepole, robo, nusu, mzunguko mzima, bila spana, bila mtu.

"Acha!" alilia. "Gharibu, acha kuzungusha!"

Usukani ukasimama. Na sauti, si ya Gharibu, ikasema juu yake, kwa upole, karibu sana, kama mtu aliyeinama kwenye kiti cha kushoto akatia mdomo sakafuni:

"Umemaliza, fundi?"

Swalehe alichomoka akakwangua mgongo mzima. Alipoinuka, hakukuwa na mtu kwenye usukani. Gharibu alikuwa ng'ambo ya mtaro, chini ya paa la mama wa chai, kikombe mkononi.

"Ulitoka saa ngapi?" alimpigia kelele.

Gharibu alikuja mbio, akasimama umbali wa hatua tano, uso umempauka. "Sijaingia, kaka. Nilishindwa. Nilikwambia ngoja kwanza, ukanyamaza, nikadhani umekubali."

Kesho yake, baada ya adhuhuri, Swalehe alipanda bodaboda mpaka Bungu, kwa Bi Habiba.

Bi Habiba hakuwa mganga wa kutangazwa. Asubuhi aliuza vitumbua. Alasiri, waliomjua walimfuata na maradhi yasiyo na jina, naye akawasomea na kuwaandikia kombe kwa zafarani, maandiko yakioshwa kwa maji wakanywa. Swalehe alimkuta ukumbini akipeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mgongo umefanya nini?"

"Nilikwaruzwa na gari."

Akamsimulia. Bi Habiba alisikiliza pasipo kuacha kupeta, na simulizi ilipokwisha akaanza kumuuliza maswali, moja baada ya jingine, kwa namna ambayo Swalehe aliitambua, maana ndivyo yeye mwenyewe alivyowauliza wateja.

"Akiwemo Gharibu peke yake, linagonga?"

"Anasema alipokuwa akiliendesha halikugonga. Yeye alikimbia kwa sababu ya yale mazungumzo. Mlio ameusikia jana, tukiwa pamoja."

"Na yule mjane? Akiwa peke yake?"

"Yeye ndiye analileta, bibi."

"Sikukuuliza analileta nani. Alikwambia linagonga?"

Swalehe alifungua mdomo. Akarudisha kumbukumbu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Liangalie tu. Liangalie tena. Nitakuwa nalileta mpaka ulijue. Maulida hakuwahi, hata siku moja, kusema gari linagonga.

"Hakusema," alijibu.

Bi Habiba aliweka ungo chini. "Basi halimgongei yeye, wala Gharibu. Linakugongea weye. Una nini na marehemu?"

"Alikuwa rafiki yangu."

"Una nini naye?"

"Sina kitu, bibi."

"Mwanangu, mie sina haraka, ila jua linakwenda. Una nini naye?"

Mtu mmoja alipita nje na baiskeli. Swalehe aliinamisha kichwa, na maneno aliyoyabana mwaka mzima yakatoka kwa sauti ndogo hata bibi akalazimika kusogea.

Siku moja kabla ya ajali, Nasor alikuwa ameleta pikapu kufungwa boli jointi ya kushoto. Nati yake, ikishakazwa, hupitishwa pini ya chuma katikati na pini hiyo hukunjwa miguu, ili nati isijifungue njiani. Swalehe alikaza nati kwa mkono tu, kwanza, akaiweka pini kwenye mfuko wa shati. Mteja mwingine akamwita. Simu ikaita. Akarudi, akafunga tairi, akasahau. Nasor akaja akasimama mlangoni, akauliza, umemaliza, fundi? Naye akajibu, nimemaliza, nenda na amani.

"Nilipovua shati usiku baada ya isha, pini ikaanguka sakafuni."

"Namba yake ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo." Swalehe alilia sasa. "Niliishika simu, bibi. Nikasema, mimi fundi Swalehe, nimpigie mtu nimwambie sikukaza nati? Atamwambia nani na nani? Nikasema asubuhi mapema nitampitia nyumbani, nitasema nataka kuliangalia tu. Nikalala. Yeye akaondoka kabla ya alfajiri."

Bi Habiba hakumfariji.

"Sikiliza," alisema, kwa sauti ya chini. "Nasor amekwenda kwa Mola wake, harudi kugonga magari. Lakini kila mwanadamu ana qarini wake, jini wa kutembea naye tangu kuzaliwa. Mtu akifa, yule hazikwi. Wengi huenda zao. Mmoja mmoja hubaki pale kifo kilipoingia, na anajua sauti ya mwenzake, anajua siri zake, anajua kukohoa kwake. Huyo ndiye. Amekaa juu ya neno ulilolificha, ndilo linalompa pa kukaa. Utakwenda kulisema kwa mwenye haki, mbele ya gari, mchana kweupe. Nami nitasoma, nitaumwagia mguu ule kombe, atoke. Lakini asiitwe kwa jina la marehemu. Akiitwa akakaribishwa kwa jina hilo, mie sina la kufanya."

Jumamosi, saa nne asubuhi, Maulida alifuata gari lake. Alimkuta Swalehe amesimama kando ya pikapu kwa kanzu badala ya ovaroli, na Bi Habiba ameketi kwenye kigoda, chetezo kinafuka ubani mbele yake, chupa ya kombe mapajani. Maulida alimwamkia bibi kwa heshima, akaukunja upindo wa kanga yake mkononi, akangoja.

Swalehe alisema yote. Safari hii hakulia. Aliyasema kama mtu anayetapika, bila kuchagua, mpaka pini, mpaka simu.

"Ilikuwa saa ngapi ulipoishika simu?" aliuliza Maulida.

"Saa tatu kasorobo."

"Sisi tulilala saa nne. Hata baada ya hapo simu yake ilikuwa kichwani pa kitanda, iko wazi. Angeamka tu."

"Najua, shemeji. Nisamehe."

"Usiniite shemeji." Hakupandisha sauti. "Haya uliyoyasema siyasikii leo kwa mara ya kwanza. Nimeyajua tangu siku niliyotoka eda na kukaa ndani ya gari hili. Aliniambia mwenyewe. Nilikuwa nakuletea gari kwa sababu alitaka kuyasikia kutoka kinywani mwako."

Bi Habiba aliinuka kutoka kwenye kigoda kwa shida. "Nani aliyekwambia, mwanangu?"

Maulida alikitazama kiti cha mbele kushoto, midomo ikifunguka.

"Huyo siye mumeo. Naona unavyotaka kulitaja jina. Usilitaje."

"Bibi, mimi nimelala na mtu yule miaka kumi na moja. Najua anavyokohoa."

"Na yeye anajua pia! Ndiyo kazi yake. Anajua kila ulichomwambia mumeo gizani, na atakurudishia kimoja kimoja, na weye utashiba maneno yake usitake tena chakula. Jitazame mkono wako."

Swalehe aliutazama. Mkono ulioshika kanga ulikuwa umekonda, bangili imepwaya kwenye kifundo, na mvungu wa macho ya Maulida ulikuwa mweusi kama wa mtu aliyeuguza. Alishangaa hakuliona hilo mapema. Mara zote tatu alikuwa akitazama gari.

"Mwache bibi amsomee," alisihi. "Mimi nitatoa haki yoyote. Nipeleke polisi, nipeleke kwa wazee, popote. Lakini usiondoke nacho kitu hicho."

"Kwa mama mkwe wangu, huko Salale, utakwenda mwenyewe ukaseme," alijibu Maulida. "Kwangu umeshasema. Huna tena kitu cha kutoa."

Bi Habiba alianza kusoma, sauti yake nyembamba lakini imara, akasogea kwenye mguu wa kushoto akiifungua chupa. Maulida aliwahi. Hakumsukuma, aliuziba mdomo wa chupa kwa kiganja chake, taratibu, kama anavyozuiwa mzee asimimine chai ya moto, akaurudisha mkono wa bibi kifuani pake.

"Nyumba yangu ilikuwa kimya, bibi," alisema. "Hujui kimya kile."

Kisha akaenda upande wa kushoto, akafungua mlango, akausimamia.

"Nasor," aliita. "Panda twende."

Moshi wa ubani ulikatika, kaa moja likalia kwenye chetezo. Hakuna mtu aliyeonekana. Lakini pikapu ilishuka upande ule. Springi mpya, alizozifunga Swalehe kwa mikono yake, zilibonyea mbele ya macho yake kwa uzito wa mwanamume wa kilo themanini, zikapanda kidogo, zikatulia chini. Maulida akaufunga mlango bila kubamiza, akazunguka, akakaa kwenye usukani, akawasha.

Bi Habiba alikuwa ameacha kusoma. Mkono wake ulikuwa umemshika Swalehe begani, naye Swalehe hakujua kama bibi anamzuia au anajizuia asianguke.

Pikapu ilivuka mtaro, ikapita kwenye lile shimo kubwa la mlangoni ambalo hutikisa kila gari, ikapanda lami kuelekea Bungu. Swalehe alifumba macho akasikiliza, kwa mazoea ya miaka ishirini. Haikugonga hata mara moja. Alichokisikia, dirisha la dereva likiwa wazi, ni Maulida akisema jambo, akinyamaza kusubiri, halafu akicheka.